Rauta Mbili Zilizokataa Kusalimiana

Shule niliachia darasa la tatu, na sababu ilikuwa mbuzi, lakini ya mbuzi tuyaache. Nataka kuandika ile Jumamosi jina langu lilipokaribia kuibwa na visanduku viwili vya plastiki.

Binti yangu yuko Kanada. Alizaa mvulana wa pili, na kwetu mvulana wa pili huitwa kwa jina la baba ya mama yake, yaani mimi. Lakini mama mkwe wake alikuwa huko huko akisaidia kuosha mtoto, na huyo mama ana kaka anayempenda kupita kiasi. Akasema, "Huyo babu wa Kuresoi, kama anamtaka mtoto si ajitokeze?" Wakakubaliana: Jumamosi saa kumi na moja jioni ya kwetu, nionekane kwa video. Nisipoonekana, mtoto anapewa jina la kaka. Huyo kaka namjua. Anakula viazi na maganda.

Sasa, kwangu simu hushika ukisimama juu ya ngazi ya ghala la mahindi, mguu mmoja ukiwa hewani, na hata hapo ni sauti tu, tena ya vipande. Video ilitegemea mlingoti. Huo mlingoti uliwekwa kwa shamba langu na mzee mmoja Kalasinga mwenye kilemba na ndevu ndefu, wa Nakuru mjini, anayeuza intaneti huku milimani, na mimi akanipa ya bure. Ni mahali mke wangu alikuwa amepanga kujenga nyumba ya kuku. Kuku hawajanisamehe mpaka leo, na mke sijamuuliza.

Wiki hiyo radi ilipiga rauta yangu, kile kisanduku kinachoonyesha habari njia ya kupita, ikafa na harufu kama ya nywele zilizoungua. Mzee akaleta nyingine, ya kampuni tofauti, maana zile za zamani hazitengenezwi tena. Lakini rauta ya upande wa pili, iliyo kwa kilima karibu na Molo, ilibaki ile ile ya zamani. Na hizo mbili hazikupatana.

Jumamosi saa tisa alasiri fundi wake akafika, mama wa miaka arobaini hivi, gambuti hadi magotini, laptopu ndani ya gunia la viazi isinyeshewe. Mzee mwenyewe alikuwa amepanda kilimani kukaa na rauta ile nyingine.

"Mama, imekufa nayo?" nikauliza.

"Haijakufa, mzee. Zinasikiana vizuri. Zimekataa kusalimiana."

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyeachia darasa la tatu. Rauta kabla hazijapelekeana habari za njia, lazima kwanza ziwe majirani, na ujirani wao ni salamu. Ya kilimani husalimu kila sekunde kumi, na ikikaa sekunde arobaini bila kusikia mwenzake, inamwandika amekufa. Hii mpya, kwao ni kila sekunde thelathini. Na ndani ya salamu yenyewe imeandikwa, mimi husalimu kila baada ya muda fulani. Basi kila moja ikipokea ya mwenzake inaangalia hapo, inaona hiyo si desturi yake, inaitupa.

Nilielewa mara moja. Nina jirani ambaye husalimu akiwa bado ng'ambo ya mto, na mimi hupenda mtu afike nione macho yake. Yeye husema ninaringa, mimi husema anapiga kelele. Tumezeeka hivyo.

"Si mbadilishe moja?" nikasema.

Fundi akapanda ngazi ya ghala, mguu juu. "Boss! Huko ni kumi, huku thelathini. Hapana, wewe kaa tu, nabadilisha mimi. Boss? Boss?" Laini ikakatika.

Akaweka yetu kumi. Tukangoja. Chai ikaja, ikaisha. Hakuna kitu. Akapanda tena. Kumbe mzee naye hakusikia mwisho, akajisemea fundi ni mama, yeye ndiye wa kufuata namba yake, akaweka yake thelathini.

"Pole boss, narudisha yangu."

"Hapana, mama, kosa langu. Narudisha mimi."

Laini ikakatika. Wote wawili wakarudisha.

Niliwahi kuona watu wawili wenye adabu wamekwama kwa mlango wa zizi, huyu anasema pita, yule anasema pita wewe, mpaka ndama akapita. Siku hiyo ndama alikuwa kaka wa mama mkwe.

Saa kumi na moja kasorobo mke wangu akatoka akiwa na nguo ya kanisa. Mimi alikuwa amenifunga tai tangu mchana. "Jina lako linaenda," akasema, "na wewe umeshika kikombe."

Nikapanda ngazi na tai yangu, nikachukua simu.

"Mzee, hii heshima yenu itaniua. Rauta yako ni mwenyeji, imekaa hapo miaka. Hii yangu imekuja juzi. Mgeni hufuata desturi ya boma. Wewe usiguse kitu. Mikono iko wapi?"

"Kwa laptopu."

"Weka mfukoni."

"Nimeweka."

"Yote miwili?"

"Na simu nitashika na ndevu?"

Fundi akaweka yetu kumi. Nikahesabu kwa vidole. Nilikuwa kwa kidole cha saba aliporuka na gambuti zake: "Zimekuwa majirani!"

Saa kumi na moja na dakika mbili mtoto akatokea kwa kioo cha simu, mwekundu kama nyanya, na mama mkwe pembeni akiangalia tai yangu. Binti akatamka jina langu lote. Mtoto akapiga mwayo.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya baraka wiki nzima, yakapotea yote. Nikamwambia tu, "Sasa." Nikahesabu vidole kumi. "Sasa." Nikahesabu tena. "Sasa."

"Umemsalimu mara tatu," mke wangu akaninong'oneza. "Watadhani umechanganyikiwa."

"Nyamaza," nikasema. "Sekunde zikifika arobaini bila salamu, ataniandika nimekufa."