Mzunguko wa Kumi na Tisa

Gazeti la mji wetu limemzika mke wangu kwa mistari miwili. Limesema Ilma Hallam alisifika kwa jamu yake, na kwamba alikuwa mke wa Vern Hallam, mshindi wa pili wa mbio za taifa za magari, Wirrabrook. Jamu yake ilikuwa mbaya, aliiunguza kila mwaka. Na mimi sikuwa wa pili. Mistari miwili, uongo mara mbili! Nimekasirika, wala hasira zangu si za gazeti peke yake.

Baba yake Ilma alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, na yeye alikua akiandika kila treni na dakika yake. Wakati wa vita alikaa kwenye mnara wa uwanja wa ndege wa Wirrabrook, akiandika ndege zilizoondoka na ndege zilizorudi. Marubani waliliamini daftari lake kuliko macho yao. Vita vilipokwisha jeshi likaondoka, likatuachia lami na mapipa matupu, na miaka michache baadaye mbio za taifa zikaletwa kwenye uwanja huo huo.

Mimi nilikuwa na gereji. Gari langu nililiunda mwenyewe kwa injini ya lori bovu la jeshi. Noel Ainslie, mwenye kondoo wa kujaza wilaya nzima, aliletewa lake kwa meli kutoka Ulaya. Siku zile gari dhaifu lilitangulizwa, lenye nguvu likaondoka mwisho, na wa kwanza kumaliza mizunguko thelathini na mitano ndiye mshindi. Kwa hiyo katikati ya mbio hakuna aliyejua nani anaongoza, awe dereva au mtazamaji, ila yule aliyeandika. Mimi niliandikiwa na Ilma. Alikaa juu ya pipa na saa ya marehemu baba yake, akaandika kila gari lililopita, kisha akaninyanyulia ubao wenye maandishi ya chaki. Nikiusoma, najua nikanyage mafuta au niihurumie injini.

Ubao wa mwisho ulisema: UMEBAKI MMOJA, UNAONGOZA. Nikaumaliza huo mmoja. Mwenye bendera akatazama pembeni. Nikazunguka tena kama mjinga, na nilipokuwa upande wa pili wa uwanja, Ainslie akapungiwa bendera ya ushindi.

Nilipofika kwenye hema la waamuzi, Ilma alikuwa ameshaingia. Nikasimama nje, nikasikia kila neno.

“Meja, mmeruka mzunguko wa kumi na tisa wa gari namba sita, la mume wangu.”

“Bibi Hallam,” akasema Meja Pruett, mkuu wa waamuzi, “wapima muda wetu ni mabwana wawili wenye uzoefu.”

“Mabwana wako walikuwa juu ya lori, na vumbi lilipotanda wakakimbilia kufunika sandwichi zao. Namba sita na namba kumi na moja walipita pamoja, saa nane kasoro dakika tatu. Wao wameandika kumi na moja tu.”

“Mke wa dereva huona anachotaka kuona.”

“Haya, soma karatasi yenu wenyewe. Kila mzunguko dakika tatu, tatu, tatu. Huo wa kumi na tisa, sita! Alisimama kunywa chai?”

Mtu mmoja humo ndani akacheka. Meja hakucheka.

“Malalamiko huletwa na dereva, kwa sahihi yake, ndani ya nusu saa. Fomu hiyo hapo.”

Aliiona ile sita. Mpaka leo nasema aliiona, akaona ni rahisi zaidi kumfukuza mwanamke kuliko kumwita Ainslie na kumnyang’anya kombe.

Nami nilifanya nini? Nilikwenda kunywa bia. Ainslie mwenyewe alinijazia bilauri.

“Vern, kaka, hongera! Mwingine hapa angeshaanza kulialia. Asiyekubali kushindwa si mshindani.”

Methali hiyo imewafaa wezi wengi. Kwetu mlalamishi ni mbaya kuliko mwizi wa kondoo. Watamcheka baa, watamcheka kanisani, na wanawe watachekwa shuleni. Niliogopa kicheko hicho. Ilma akatokea na fomu, ameshaijaza yote.

“Tia sahihi, Vern. Zimebaki dakika kumi na moja.”

Wanaume wakageuka na bilauri zao, wakanitazama.

“Achana nayo, Ilma. Mbio tu hizi.”

“Sikuulizi habari za mbio. Nakuuliza, nimekosea kuhesabu?”

“Hujakosea,” nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na yeye peke yake.

“Waambie hao.”

“Eh, Vern!” Ainslie akapaza sauti. “Kwako nani anashika usukani?”

Wakaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Ilma akaitazama saa. “Saba,” akasema. Hakuondoka. Alisimama pale na kalamu mkononi, mbele ya watu wote wale, mpaka dakika ya mwisho ikapita. Kisha akaikunja fomu, akaenda kupakia spana zangu garini.

Mwaka uliofuata nilimwomba aniandikie tena, naye akaja. Akakaa juu ya pipa. Kila nilipopita niliutafuta ubao, sikuuona. Mzunguko wa ishirini sikuweza kuvumilia, nikafunga breki mbele yake huku magari mengine yakinipita yakinguruma.

“Ilma! Naongoza au siongozi? Nani yuko nyuma yangu? Sema basi!”

Mikononi hakuwa na penseli wala saa, alikuwa na kikombe tu. Akaipuliza chai yake taratibu.

“Kawaulize mabwana wa kwenye lori,” akasema.