Ukucha wa Kusukia Kiondo

Mama yangu alikuwa na ukucha mmoja uliofanya kazi kuliko mikono miwili ya watu wengine. Ulikuwa wa kidole gumba cha kulia, mnene, umepinda kidogo, na kazi yake ilikuwa kushindilia nyuzi za kiondo zishikane. Sisi watu wa Mbooni tunajua kwamba unaweza kuisokota katani vizuri pajani, ukaitia rangi ukaipenda, lakini usiposhindilia kila mzunguko kwa ukucha, kiondo kinatoka legelege na nafaka inavuja. Vya mama havikuvuja hata punje ya wimbi. Sokoni Kikima wanawake walivigeuza juu chini wakitafuta kosa, halafu wakavirudisha bila kusema neno, na mama akajifanya hajaona.

Kila binti yake aliyeolewa alipewa kiondo kilichosukwa kwa ajili yake. Dada zangu wakubwa walikuwa na vyao. Mimi sikuwa nacho, kwa sababu sikuwa nimeolewa, na jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani kwetu. Watu wa nje waliponiuliza nitaolewa lini niliwajibu kwa mkato, na aliyeuliza tena alijuta. Kwa mama sikuwahi kulitaja, wala yeye kwangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mdogo wetu wa mwisho alichumbiwa, na mama akaanza kiondo chake. Kilipofika nusu, upepo wa Mbooni ukaufunga mlango wa ghala kwa kishindo na kidole gumba cha mama kikiwa katikati. Ukucha uliokuwa ukifanya kazi tangu kabla sijazaliwa ukawa mweusi, ukang'oka. Jeraha lilipona, na ukucha mpya ukaota mwembamba, umepasuka katikati kutoka juu hadi chini. Kila alipojaribu kushindilia uzi, mpasuko ulifunguka na yeye akaufyonza mdomoni kimya kimya. Mwishowe alikifunga kile kiondo nusu ndani ya leso akakisukuma chini ya kitanda.

"Mwambie mdogo wako akanunue chombo cha plastiki," aliniambia. Mama hakuwa mtu wa kukata tamaa, na maneno hayo yaliniuma mpaka nikashindwa kula.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi saluni huko Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Nilitengeneza kucha za unga. Kama hujawahi kuona zikitengenezwa, umekosa kitu. Una chupa ya maji maalumu na kikopo cha unga mweupe laini. Unachovya brashi kwenye maji, unaigusisha unga, na ncha ya brashi inatoka na tone linalong'aa. Unaliweka juu ya ukucha, unalitandaza, na mbele ya macho yako, bila moto, lile tone linageuka kuwa kitu kigumu ambacho tupa inakikwaruza kwa shida. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi na sijawahi kuizoea. Wenzangu walipiga soga huku wakitandaza. Mimi niliangalia maji yakigeuka jiwe, nikamshangaa Mungu aliyeficha jambo kama hilo ndani ya chupa.

Ubaya wake ni harufu. Ilikuwa kali ya kuliza macho, na mwenye bucha jirani yetu alilalamika kwamba nyama yake inanuka saluni. Mama ana kifua kibovu. Nilimleta Kibwezi mara moja nimjengee ukucha, na kabla sijafungua chupa vizuri alikuwa tayari nje, ameshika ukuta, anakohoa mpaka watu wa stendi wakamletea maji.

Mwenye saluni, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, aliona yote hayo. Jioni akachukua kwenye rafu ya juu kikopo na chupa vilivyojaa vumbi. Vilikuwa vya aina isiyo na harufu, aliletewa na mteja kutoka ng'ambo, na tangu vije havikumfaa mtu. Kila ukucha uliojengwa kwa dawa ile ulibaki unanata, hata ukikaa nusu siku. Wateja walilalamika, tukazitoa kucha hizo, na sote tukakubaliana kwamba dawa imeharibika kwa joto njiani.

"Chukua, mwanangu, ukajaribu kwa mama," alisema. "Nami nilikuwa nataka kuitupa. Ila usinilaumu ikikutia aibu."

Nikapanda nayo Kikima, ukiwa umebaki muda mfupi tu harusi ifike. Kule juu ni baridi, ukungu unaingia mpaka jikoni. Nilimketisha mama dirishani, nikausugua ule ukucha taratibu, nikachota tone kama nilivyozoea Kibwezi, lenye maji mengi, maana huko joto linalikausha kabla hujameza mate. Mama akanusa, akasubiri kukohoa. Hakukohoa.

"Aiee," akasema. "Hii hata hainuki. Ni dawa kweli?"

Nilianza kufikiri sio dawa. Tone lilitiririka mpaka kwenye nyama ya pembeni, likakaa hapo kama uji. Nikangoja. Likabaki uji. Nikalipangusa lote, nikaanza upya.

Safari ya pili nilitumia akili. Kama dawa hii inakauka polepole, haitaki maji mengi, nikajiambia. Nilichota tone kavu zaidi, lisilong'aa, linalofanana na ute wa yai ulioanza kushika, nikalipigapiga kwa brashi badala ya kulivuta. Likatulia mahali pake bila kukimbia. Kwa sababu ya baridi nilimpa mama kikombe cha chai moto akizungushie mkono. Chupa ya dawa niliifunga nikaipeleka chumbani, maana dawa ile ikiona moto ni hasara. Chai ilipokwisha niligusa ukucha kwa kidole. Ulinata. Nikamwongezea chai nyingine, nikagusa, ukanata vilevile, alama ya kidole changu ikabaki juu yake. Nilikasirika. Nikatoka naye uani, nikauyeyusha wote kwa dawa ya kuondolea kucha, yeye akigeuzia uso upande wa upepo. Mimi hasira yangu ni ya karibu, na siku hiyo niliimalizia kwa kuku waliokuwa wakipita.

Kesho yake nilirudia mara ya tatu. Nilimnawisha kwa sabuni, nikamkausha, nikachota tone kavu, nikapiga taratibu, chai, nikagusa. Ukanata. Niliinama chini, na nitasema wazi kwamba nililia. Nilijiona mtu asiye na faida, mwanamke wa kupamba wasafiri wa barabarani ambaye hawezi kumpa mama yake ukucha mmoja wa kufanyia kazi.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, nyamaza," mama alisema. "Mimi nimechoka kukaa hapa kama bibi harusi." Akainuka, akaingia chumbani. Nilidhani ameenda kulala. Nikaenda kuchukua dawa ya kuondolea ili niuyeyushe tena, na kuitafuta kulinichukua muda kwa sababu ya machozi.

Niliporudi nilimkuta ukumbini amekaa mkekani, kiondo kimetolewa kwenye leso, na amekwisha anza kusuka. Vumbi lote la katani lilikuwa limeganda kwenye ule ukucha unaonata. Kidole kilikuwa kimeota manyoya kama kifaranga.

"Mwaitu! Mama yangu, umeharibu kila kitu!"

"Nimeharibu nini? Si ulisema imeharibika?"

Hakuacha kusuka. Alisokota, akapitisha, akashindilia. Nami nikasikia mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu mlango wa ghala umuumize, ule mlio mdogo mkavu wa ukucha unaposukuma uzi ukae chini. Nikasimama na chupa yangu mkononi. Akashindilia tena, na kila aliposhindilia, katani iliyafuta yale manyoya kidogo kidogo, na yale manyoya yaliondoka na ule unato. Chini yake pakaonekana kitu kinachong'aa. Nilipiga magoti, nikakamata mkono wake kwa nguvu mpaka akaguta, nikagonga ukucha kwa kijiko cha chai. Ukalia kama umegonga kikombe. Ulikuwa mgumu kuliko kucha zote nilizowahi kutengeneza Kibwezi.

Nilibaki nimeushika ule mkono. Dawa haikuharibika kamwe. Ilikuwa inakauka chini, inaacha ngozi nyembamba inayonata juu, na ngozi ile ilitaka kufutwa tu. Sisi wote saluni tuligusa juu, tukaiona inanata, tukahukumu. Tuliyeyusha kucha nzima nzima ambazo tayari zilikuwa jiwe. Na aliyenionyesha hakuwa hata na nia ya kunionyesha. Alikuwa na kiondo cha kumaliza.

"Unalia tena?" mama akauliza.

"Hapana. Nashangaa."

"Basi shangaa ukichemsha chai. Umenimwagia ile nyingine yote tumboni na sasa imekwisha."

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka palepale. Baada ya siku chache ukucha uliachia upande wa chini, karibu na nyama, ukanasa nyuzi. Hapo nilijua kosa. Mama hujipaka mafuta mikono yote kila asubuhi kabla ya sala, na siku ile alipaka kabla sijamnawisha, nami sikusugua vizuri pembeni. Mafuta na dawa ile hawakai nyumba moja. Niliujenga upya, nikaukwaruza hadi pembeni kabisa, nikaacha mstari mwembamba usiguse nyama, na ulipokwisha kushika nikaufuta unato kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Huo ulikaa.

Wanawake wa kanisani waliuona Jumapili, kwa sababu hakuna kisichoonekana na wanawake wa kanisani. Mmoja akamvuta pembeni. "Mama, hata wewe siku hizi unapaka kucha?"

"Hii si kucha," mama alimjibu. "Hii ni jembe."

Kiondo kilimalizika kabla ya harusi. Ukipitisha kidole ndani yake, chini utakuta kimekazwa, kisha mizunguko michache imelegea pale alipojaribu kusuka na ukucha uliopasuka, halafu kinakaza tena ghafla mpaka juu. Mdogo wangu alikibeba siku ya harusi mbele ya watu wote, na mama alikaa kiti cha mbele mkono wa kulia juu ya magoti, kidole gumba juu, bila kukificha.

Asubuhi niliyopaswa kurudi Kibwezi nilimkuta mkekani tena. Alikuwa amekwisha sokota katani mpya, nyingi, na mapajani alikuwa na kitako cha kiondo kilichoanza kuzunguka. Nilidhani ni cha kwenda sokoni, lakini kilikuwa na ile rangi ya udongo mwekundu anayowawekea mabinti zake tu.

"Mwaitu, hiki ni cha nani? Wanaoolewa wamekwisha."

Hakuinua macho. Alishindilia uzi kwanza.

"Ni chako. Nilikuwa nangoja mwanaume aje ndio nianze. Kidole kilipoumia nikaona naweza kufa nikimngoja mtu ambaye hata simjui." Akashindilia tena. "Ama wewe ulikuwa unataka nimngoje?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Nikakaa chini karibu naye, nikauchukua mkono wake, nikainama juu yake nikijifanya nakagua kama ukucha umeachia pembeni. Haukuwa umeachia popote.