Mama Mkwe Kichwa Chini

Mzungu wangu alikuwa kwenye likizo ya kutembea kwa miguu. Naomba mnielewe: gari alikuwa nalo. Aliliacha Shinyanga, akakodi wapagazi sita na mimi, ili atembee mpaka kwenye vilima vya Geita akipiga picha wanyama, mawe na nyota. Kwetu, mtu akitembea siku kumi na mbili ama ana msiba ama anakimbia kodi. Wapagazi walimhurumia, wakaamua kwamba amefiwa.

Mimi nilikuwa msaidizi wa fundi picha mmoja karibu na stesheni, na kamera kubwa ya miguu mitatu niliijua vizuri. Lakini kazi ile sikuikubali kwa mapenzi ya pundamilia. Njia yake ilipita kwao mke wangu. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, wa miezi minne, na siku ya tatu mimi nikapanda treni kwenda Tabora kununua dawa za kusafishia picha. Niliporudi nikakuta nyumba imefagiwa, chungu kimefunikwa, mke hayupo. Mama yake akatuma neno kwamba binti harudi mpaka niende mwenyewe nikajieleze. Nijieleze nini? Kazi ni kazi. Hotuba nilikuwa nayo tayari, na kila siku njiani niliitia chumvi.

Sasa hiyo likizo yenyewe. Swala waliiona kamera wakaondoka. Tunayo picha nzuri sana ya majani. Twiga mmoja alisimama tuli, akatutazama mpaka sisi tukaona haya, na bwana alipomaliza kukaza skrubu zake twiga akageuka, tukaambulia mkia. Mbung'o ndio pekee waliokubali kukaa karibu, na hao hakuwataka. Kwenye mawe mimi ndiye niliyekuwa kipimo: "Simama pale, jiwe lionekane kubwa." Nimo kwenye picha nyingi za nchi hii, mdogo kuliko punje ya mtama. Usiku aliiacha kamera wazi ikitazama mbingu, sisi tukakatazwa moto, tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, baridi gizani. Aliposafisha picha hemani, nyota zote zilikuwa zimegeuka mikwaruzo, utadhani kuku wamechakura mbinguni. Alifurahi mpaka akatuongezea sukari.

Siku ya tisa tukafika kwenye mawe marefu yaliyobebana. Nilijua kwa wakwe zangu kumebaki mwendo wa saa moja, nami nilikuwa nimepanga kuoga kwanza. Chini ya mawe mwanamke mmoja alikuwa akikata nyasi za kuezekea. Bwana akaona huyo ni kipimo bora kuliko mimi, akaniambia niingie chini ya guo jeusi nimweke sawa kwenye kioo.

Asiyezijua kamera zile ajue hili: unajifunika guo kichwani, na kwenye kioo cha nyuma kila kitu kinaonekana kichwa chini, miguu juu. Nikamwona mama wa watu ananing'inia kama popo. Nikaanza kuamrisha kwa Kisukuma changu cha mjini. Mayu, yaani mama, sogea kulia. Mayu, usiiname, hatupigi picha makalio. Weka mundu chini. Nitazame, mayu, nitazame usoni.

Akanyooka, akatazama.

"Mkwe," akasema. "Sauti hiyo naijua."

Jamani. Kwa Wasukuma, mama mkwe hatazamwi na mkwewe. Ukimwona njiani unaingia porini, hata pori liwe la miiba mitupu. Ndiyo maana sikumjua. Miaka mitatu ya ndoa, nilichokijua ni miguu yake na sauti yake ya mbali. Na sasa nimeyataja makalio yake, nimemwamuru anitazame, naye yuko mbele yangu miguu juu. Ardhi ingepasuka ningeingia na kamera ya watu. Haikupasuka. Nikalikamata guo kwa mikono miwili, nikabaki humo humo.

"Shikamoo, mama," nikaliambia sanduku.

"Marahaba. Usitoke." Nikasikia nyasi zikilia, akaja mpaka hatua chache mbele yangu, kwenye kioo akawa ukungu. "Hapo ulipo ni pazuri. Hunioni, sikuoni."

Nikafumba macho, neno lake liwe kweli.

"Tayari?" bwana akauliza. Kisukuma hakukijua hata neno.

"Bado, bwana. Naweka sawa."

"Siku ya tatu ulikwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

Nikaanza hotuba. Dawa za picha zilikuwa zimekwisha, treni haiji kila siku, fundi wangu ni mkali, mteja hajui msiba. Aliniacha nimalize yote.

"Zilikuwa zimekwisha kweli?"

Hazikuwa zimekwisha. Kulikuwa na chupa mbili rafuni, na mimi ndiye niliyezipanga. Ningeweza kudanganya, nimedanganya watu wakubwa kuliko yeye wakinitazama machoni. Lakini mle gizani hamkuwa na mtu wa kumdanganya ila mimi mwenyewe.

"Hapana, mama," nikasema. "Nguo za mtoto zilikuwa bado zimeanikwa uani. Sikuweza kuzitazama. Niliogopa, nikakimbia."

Nikalia. Nasema wazi, nililia, nikalowesha kioo cha mzungu.

"Tayari?"

"Bado, bwana."

"Maneno hayo si ya kuambiwa mimi," mama mkwe akasema. "Mwenzako yuko upande wa pili wa jiwe, anang'oa karanga. Ngoja nigeuke, ndipo utoke."

Nikangoja, nikatoka, nikampita bwana aliyekuwa ameshika saa yake akilalamika kwamba mwanga unapotea. Nikazunguka jiwe. Mke wangu aliniona, akaendelea kung'oa. Nilisimama kwenye tuta na vumbi la siku tisa, sina hotuba. Nikamwambia nilivyomwambia mama yake: zile nguo uani, sikuweza kuzitazama, niliogopa, nikakimbia.

Alikung'uta udongo kwenye shina alilolishika, polepole, mpaka ukaisha.

"Na mimi niliogopa," akasema. "Nikazianua."