Sababu Niliyomwandikia Mama

Mama yangu husimulia kwa kupanga mambo. Hili, kisha lile, kisha jingine, na wewe msikilizaji kazi yako ni kuitikia "ĩĩ" kila anapopumua, na kujua mwenyewe ni lipi lililoleta lipi. Ndivyo wazee wa Mbooni walivyosikiliza kesi tangu nikiwa mtoto. Mtu mzima hatafuniwi. Kutaja sababu waziwazi mbele ya watu ni ama kumdharau anayekusikiliza au kumvua nguo unayemsema.

Mimi nilifundishwa vingine. Katika shule ya bweni kule Kitui, mwalimu wa Kiswahili alijaza ubao: kwa kuwa, hivyo basi, licha ya, ilhali. Insha isiyo na hayo aliiita uji usio na sukari, na kiboko kilikuwa karibu. Nilijifunza haraka. Leo mwalimu ni mimi, najaza ubao vilevile, na kwa miaka mingi nilijiona fundi.

Baba alipofariki, mdogo wake alianza kulima kipande chetu cha kando ya mto, penye maji mwaka mzima. Alisema ni kwa muda tu. Muda huo ulifika miaka kumi na minne. Shamba la babu lilipokuja kugawanywa ili kila mtu apate hati yake, baba mdogo akadai kipande ni chake. Mama akaambiwa na kamati ya ardhi alete maelezo kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kikamba hakikutajwa, ingawa kamati nzima ilikuwa ya Wakamba.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, akanipa maelezo yake.

"Baba yako aliugua. Nikaenda kwetu. Nikakaa wiki tatu. Akafa. Nikarudi, tukazika. Mvua iliponyesha nikakuta mdogo wake analima."

"Kwenu ulienda kufanya nini?"

"Nilienda," akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Nilikuwa na haraka ya kurudi. Tena nilimwona kama mwanafunzi mvivu aliyeacha shimo katikati ya insha, basi nikaliziba. Niliandika kwa jina lake kwamba kwa kuwa mume wangu alikuwa mgonjwa sana na sikuweza kumuuguza peke yangu, nililazimika kurudi kwetu. Hivyo basi, shemeji yangu alitumia nafasi hiyo kuvamia shamba. Nilimsomea kwa Kikamba, mbiombio. Akatia kidole. Mtoto wake msomi ameandika, yeye ni nani apinge? Nilikwenda kuchapisha mjini Wote nikiwa na furaha, Mungu anisamehe, kwa jinsi sentensi zilivyokaa.

Kamati ilikaa kwenye ofisi ya chifu. Baba mdogo alileta mistari minne aliyoandikiwa na mtu, kisha akaomba aseme kwa mdomo. Akasema kwa Kikamba: Kaka yangu aliugua. Mkewe akaenda kwao. Nikamwosha, nikamlisha. Akafa. Tukamzika. Nikalima. Wazee wakaitikia "ĩĩ" kila mahali panapostahili. Hakumlaumu mama hata kwa neno moja. Aliyaweka mambo chini mbele yao kama alivyoyaweka mama akiwa juu ya kile kigoda, akawaachia.

Karani akainua karatasi yangu.

"Mama, hii statement ni yako? Na hiki kidole?"

"Ni changu."

"Basi umesema mwenyewe hapa. Uliondoka juu mzee alikuwa mgonjwa. Ulishindwa kumwangalia, akaangaliwa na mdogo wake."

Mama aligeuka. Alinitazama mimi. Pengo ambalo wazee wangelijaza kila mmoja na lake, wengine wakimtetea, nilikuwa nimelijaza kwa niaba yao, kwa mashine, nakala tatu. Nikasimama nieleze. "Mwalimu," karani akasema kwa upole kabisa, "maelezo yako tayari tunayo." Kipande cha mto kikapewa baba mdogo. Mama akaachiwa mawe yanayozunguka nyumba.

Tulirudi kwa miguu. Nilimuuliza tena, sasa nikiwa na muda.

"Njaa ilikuwa mbaya," akasema. "Baba yako alinituma kwa ndugu zangu nikaombe mahindi. Yeye alikuwa hawezi kusimama. Ulitaka niseme hivyo mbele ya watu, kwamba aliomba chakula kwa mashemeji?"

"Lakini niliuliza, mwaitu."

"Uliuliza mara moja, mwanakwa. Halafu ukaandika."

Tulipewa siku thelathini za kukata rufaa. Sababu ya kweli ingetosha kabisa: wajomba zangu wako hai kule Kitui, na ni wao waliofunga lile gunia la mahindi. Nilimwomba mama aniruhusu niiandike. Nilimwomba kwa adabu, kisha bila adabu.

"Mimi nipate shamba, baba yako alale uchi?" akasema.

Nilimwambia wafu hawaoni aibu. Nilimwambia baba mdogo anamcheka. Nilimwambia mengi ambayo mtoto hamwambii mzazi, yote yakiwa na sababu zake, yameungwa vizuri. Akaniambia nitoke uani kwake.

Nina hasira na kamati iliyodai karatasi kwa lugha ambayo mwenye kesi haisomi. Nina hasira na baba mdogo, ambaye hakusema uongo hata mmoja. Zaidi nina hasira na mimi, kwa sababu mama hakuniomba nimfanye aeleweke. Aliniomba nimwandikie.

Siku thelathini ziliisha bila rufaa. Mama alilinda jina la mumewe kwa kipande cha ardhi, na hakuna aliyejua alilinda nini ila mimi na wajomba. Sasa sababu yake nimeisema hapa, pamoja na mahindi, kwa lugha asiyoweza kuisoma. Safari hii sikumwomba ruhusa.