Jumapili Ambayo Hatukuitika

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa pale Kamina, na watu walimjua kwa michezo yake ya kuimba, hadithi nzima ikisimuliwa kwa nyimbo alizotunga mwenyewe. Kabla ya vita ya pili ya nchi yetu, televisheni ya Lubumbashi ilituma watu watatu wenye kamera kutengeneza filamu ya kuisifu kazi yake. Kaseti ilitufikia kwa treni vita ikiwa imeshaanza.

Nieleze kwanza desturi yetu, ndipo utaona tulivyokosea. Katika michezo ya baba, watazamaji nao walikuwa na kazi: mwimbaji akiuliza, uwanja wote unaitika. Wimbo uliopendwa kuliko yote ulihusu mfalme aliyewamalizia watu chakula. Mwimbaji aliuliza, "Mahindi yetu iko wapi?" Sote tukajibu, "Mufalme njo anakula!", yaani mfalme ndiye anayeyala.

Baada ya ibada ya Jumapili tuliweka televisheni barazani, majirani wakaja na viti vyao. Jenereta ilikuwa imeanza kunguruma alipoingia komanda wa kambi ya jeshi na askari wawili. Akakalia kiti cha baba. Wiki ile ile askari wake walikuwa wamechukua magunia yote ya mahindi yaliyotoka Kaniama.

Mama akapita na bilauri za maji, akimwinamia kila mtu sikioni: "Leo musiitike."

Filamu ilikuwa nzuri. Baba alionekana kijana kidogo, akieleza jinsi anavyotafuta sauti kwenye harmoniamu, kinanda cha kanisa, daftari lake la nyimbo likiwa wazi mbele yake. Halafu wimbo ukafika. Ndani ya televisheni umati uliitika kwa furaha. Barazani kwetu hakuna aliyefungua kinywa. Hata waliokohoa tangu asubuhi walinyamaza.

Komanda aligeuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Mwalimu, bale ba mu televizyo beko naitika. Ba hapa beko na ugonjwa ya koo?"

"Hapana, komanda. Ni heshima yenu."

"Heshima." Akacheka kidogo. "Rudisha pale. Tuitike bote."

Kaseti ikarudishwa. Tuliitika, sauti zetu nyembamba. Komanda peke yake alipiga makofi.

"Wimbo ni muzuri. Na huyu mufalme ni nani?"

"Wa hadithi tu. Niliandika zamani, kabla nikujue."

"Sawa. Sasa mbona leo bantu bako balinyamaza?"

Tungeitika kama siku zote, ungebaki wimbo wa shule. Ukimya wetu ndio ulimwonyesha mfalme ni nani.

Komanda alichomoa kaseti mwenyewe. "Kesho asubuhi kuya kambi. Na ile daftari ya nyimbo."

Mama alimpigia baba pasi shati la kanisani. Alitoka saa mbili, tukakaa mlangoni tukitazama barabara ya kambi. Alirudi saa kumi, mikono mitupu. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena.

"Balikupiga?" mama akauliza.

"Hapana. Balitaka nibadilishe maneno kidogo."

Alhamisi askari walipita mtaani kwa mbio za mazoezi, wakiimba, wakiuliza na kujiitikia wenyewe. Mahadhi yalikuwa ya wimbo wa baba, kila noti mahali pake. Mbele ya nyumba yetu wakasimama, wakikanyaga papo hapo.

"Mahindi yenu iko wapi?"

Safari hii wakangoja sisi tuitike. Baba alikuwa dirishani. Alitutazama, akatikisa kichwa polepole kukubali, kama alivyowaashiria wanafunzi wakati wao ulipofika.

"Iko kambi," tukaitika.