Na Nani Tena?

Mkono wangu wa kulia umechoka. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu watu wa mtaa wetu hapa Baraka wanaona mkono huu ni wa wote, kama bomba la maji. Mchana ninachapa. Nina kibanda karibu na soko, kompyuta moja, printa moja yenye kisirani, na paneli ya jua juu ya bati. Wanakuja watu na maombi ya kazi, mialiko ya arusi, ripoti za vyama vya wakulima, nami nachapa mpaka macho yanawasha. Nikirudi nyumbani jioni nakuta mtu amesimama mlangoni. Kwa fulani kuna msiba, wanaomba nikaandike komunike.

Komunike ni tangazo la msiba, lile linalosomwa redioni. Kuliandika kwetu si kushika kalamu tu. Unakaa mkekani pamoja na wafiwa, karatasi ya mistari juu ya goti. Unaandika jina la marehemu, halafu unaanza kuandika walioachwa: watoto, wajukuu, ndugu, wakwe, walioko Uvira, walioko ng'ambo ya ziwa, Kigoma, hata wale ambao tangu vita hawajarudi kutoka kambi za wakimbizi. Kila ukimaliza jina moja, lazima uulize, "Na nani tena?" Unauliza mpaka mkeka mzima unyamaze. Hapo ndipo yanapotoka mambo. Huyu anataka atangulie yule. Mwingine anakumbukwa ambaye hawakusemeshana naye miaka, watu wanatazamana, mwisho mzee mmoja anaguna na kusema aandikwe. Halafu jina halikatwi. Ukikosea unachukua karatasi nyingine na kuanza upya, kwa maana jina lililopigwa mstari kwenye karatasi ya msiba hakuna anayetaka kuliona.

Asiyetajwa ni kama hakufiwa. Watu watasema hakuitwa.

Nimeandika komunike nyingi kiasi kwamba nikionekana barabarani na kalamu nje ya saa za kazi, majirani wanaulizana nani amekufa. Walinichagulia kazi hii kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilisoma kwa mwalimu aliyekuwa akitupiga vidoleni na rula mpaka herufi zikakaa sawa kwenye mstari, na mwandiko huo umekuwa mwiba wangu wa kujidunga. Kwa hiyo simu zilipoanza kuchukua kazi hii, vijana wakawa wanaandika msiba kwa kidole gumba na kuurusha kwenye makundi na redioni kabla chai haijachemka, mimi sikulia. Nilisema alhamdulillahi, angalau nitalala.

Halafu akafa mama yangu mkubwa.

Alikuwa akikaa kijijini Swima, dada yake mama, mgonjwa wa siku nyingi. Mama yangu, ambaye anakaa nami, alikuwa ametoka kumtazama wiki ile ile. Walizaliwa wengi, lakini vita na kambi na magonjwa viliwapunguza mpaka wakabaki wao wawili, na wawili hao walikuwa wameahidiana jambo moja: atakayebaki atamwosha mwenzake. Waliliongea wakichambua dagaa, bila huzuni yoyote, huku wakibishana nani ataanza kwenda. Mama alikuwa akisema yeye, kwa sababu magoti yake ni mabovu zaidi. Dada yake alikuwa akimjibu kwamba magoti hayajawahi kuua mtu.

Kipindi hicho cha mvua paneli yangu ilikuwa haishibi jua, na simu yangu ilizimika usiku. Kwa hiyo hakuna aliyetupata. Asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua, na mama alikuwa jikoni na redio yake, ile ndogo iliyofungwa mpira kiunoni. Nikasikia msomaji anaanza matangazo ya misiba. Mara redio ikazimwa. Nikaingia nikamkuta mama ameishika kwa mikono miwili, halii.

"Dada yangu amekufa," akasema. "Banasoma sasa hivi. Banamuzika leo, nyuma ya alasiri."

Nilipiga kelele, nikamkumbatia, nikaanza kutafuta mtandio wake na mfuko. Yeye hakusogea kwenye kigoda.

"Mama, twende. Watakungoja umwoshe."

"Mi siendi."

Nilidhani ni mshtuko. Nikamwambia tena, polepole.

"Mi siendi. Balitaja batoto yake. Balitaja bajukuu, bashemeji, mpaka jirani. Dada yake hapana. Mi minasikia na masikio yangu. Sasa nitafika kule kama nani? Sawa mupita njia?"

Nilikopa simu ya jirani nikampigia kaka yangu wa Swima, mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye boti yake. Alikuwa analia. Nilimwuliza nani aliandika komunike, akasema ni yeye, kwa simu, alfajiri, mwili ukiwa bado chumbani.

"Da, nilichukua ile ya jirani yetu aliyekufa, ile ya mwezi iliyopita. Nikabadilisha majina tu."

Huyo jirani hakuwa na dada. Mahali pa dada hapakuwepo, na kaka yangu, machozi machoni na kidole kwenye kioo, alijaza mahali palipokuwepo. Nani angemlaumu? Mimi mwenyewe nabandika hivyo kibandani kila siku. Maombi ya kazi ya nusu ya vijana wa Baraka yametoka kwenye barua moja. Simu haina ubaya. Ila haina adabu ya kuuliza na nani tena.

Kaka aliomba aongee na mama. Nikampa simu, akaisukuma.

"Asiniombe mi musamaha hapa jikoni. Redio ilisema mbele ya bantu bote. Irudilie mbele ya bantu bote."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika sana, maana saa zilikuwa zinakwenda. Nilimwambia dada yake yuko juu ya kitanda huko Swima, watamwosha watu wengine, na yeye atabaki hapa na heshima yake na redio yake. Nilimwambia ahadi ni ahadi. Hapo akautazama mlango, na nikaona kwamba alikuwa anaijua ahadi ile kuliko mimi. Alitaka kwenda kuliko kitu chochote. Lakini hakuweza kuinuka, kama vile bila kutajwa miguu haikuwa yake.

"Leta karatasi," akasema. "Uandike na mukono. Uniulize."

Matangazo mengine husomwa saa sita. Nikachukua karatasi, nikakaa chini kwenye mkeka wa jikoni, nikaiweka juu ya goti. Nikaandika jina la marehemu. Nikauliza. Mama alitaja watoto wa dada yake mmoja mmoja, kwa utaratibu wa kuzaliwa, pamoja na yule aliyeko kambini ambaye hata kaka alikuwa amemsahau. Na nani tena? Wakwe. Na nani tena? Nilijua anachokingoja, lakini hakujitaja mwenyewe. Alinyamaza, akangoja nimwulize mara nyingine, na nilipouliza akasema kwa sauti ndogo, "Na mudogo yake." Akataja jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake. Nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri wote. Akainama akauliza, "Niko wapi?" Hasomi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka chake hapo hapo, akakaa hivyo kidogo.

Nikakimbia redioni. Haraka haraka haina baraka, wanatutania nayo sisi wa mji huu, lakini siku hiyo nilikimbia, na umri wangu na ndara zangu. Nilimkuta msomaji, kijana mpole mwenye sauti nzuri, simu mbili mbele yake mezani. Nikampa karatasi. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Tantine," akaniita, kama vijana wanavyowaita shangazi zao, "hii mwandiko ya kushikana-shikana, sisi hatukujifunza. Nikisoma nitakosa majina. Unitumie kwa simu."

Nilicheka. Nilichoka kiasi cha kucheka. Mwandiko ulionilia vidole vyangu, mwandiko uliozika nusu ya mtaa, na kijana aliyesoma mpaka diploma anauona kama nyayo za kuku. Nikamwambia simu yangu imezimika. Akanipa moja ya zake, kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Nikasimama langoni, kwenye jua, karatasi imebanwa kwapani, naichungulia na kuchapa kwa kidole gumba. Simu ile ilikuwa inajua Kifaransa tu, kila jina la baba zetu inataka kuligeuza kuwa kitu kingine. Nafuta, naandika. Nafuta, naandika. Kifundo cha mkono kiliwaka moto. Nilipofika kwenye jina la mama niliandika herufi moja moja, nikalisoma mara ya pili na ya tatu, kisha nikamrudishia kijana simu yake.

Akaniambia, "Hii sasa iko wazi, tantine. Pole sana."

Nikiwa njiani kurudi, saa sita ikagonga kwenye redio za maduka. Sikuwa na haja ya kukimbia tena. Duka la sukari, fundi wa baiskeli, mama wa mihogo, wote walikuwa wamefungua redio ile ile, na tangazo lilikuwa linanifuata barabarani. Kijana alisoma vizuri. Alipofika kwa mdogo wa marehemu alilitaja jina lote, na la baba, na la babu, bila kujikwaa hata kidogo. Nikasimama mbele ya baiskeli zilizopinduliwa nikalia, fundi akaacha kazi yake, akaniambia kaza moyo.

Nilipokata kona ya nyumba yetu, mama alikuwa tayari nje. Amejifunga mtandio, mfuko uko mapajani, amekaa juu ya pikipiki ya jirani, na dereva amewasha.

"We unakawia nini?" akaniuliza. "Dada yangu anazikwa."

Tulifika Swima kabla ya alasiri, tumejaa matope. Maji yalikuwa yameshapashwa moto, yamefunikwa. Wanawake walikuwa wamekaa mlangoni mwa chumba bila kufanya kitu, na mkubwa wao akamwambia mama, "Tunakungoja we." Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesikiliza tangazo, la asubuhi wala la saa sita. Walikuwa na kazi. Haikuwapitia akilini kwamba mtu mwingine angeweza kumwosha. Mama alinitazama. Akakunja mikono ya gauni lake, akaingia, mlango ukafungwa.

Kaka yangu alikuja kunisalimu baadaye, macho mekundu, akaanza kueleza habari ya simu. Nikamwambia aache. Sote tulikuwa hoi.

Tulirudi Baraka baada ya matanga. Kazi ilikuwa imenirundikia kibandani: arusi mbili, na chama kimoja cha wakulima wa Kilembwe kilichotaka ripoti yake ya mwaka mzima kwa siku moja. Nilichapa mpaka vidole vikafa ganzi. Nikarudi nyumbani jua bado liko juu ya ziwa, nikitaka chai na mkeka tu. Mama alikuwa ameweka karatasi ya mistari na kalamu juu ya kigoda.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hakuna. Andika yangu."

Nilimwambia asituletee mikosi nyumbani. Akasema mikosi ni kusomwa na redio vibaya. Akasema ameona jinsi ninavyoukanda mkono usiku, na kwamba mkono huo hautakuwa na nguvu siku zote, na siku hiyo yeye hatakuwepo wa kuulizwa.

"Uniulize sasa, nikingali najibu."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikakaa, nikaandika jina lake, nikaacha nafasi ya tarehe. Na nani tena? Akanitaja mimi kwanza, mtoto wake wa kwanza, na niliona haya kuandika jina langu mahali pale. Na nani tena? Wadogo zangu, wakwe zake, wajukuu, mpaka yule wa mwisho ambaye bado ananyonya. Watoto wa dada yake wote, na kaka wa simu pia. Alisema aandikwe kwa herufi kubwa ili ajifunze. Tukacheka kidogo. Karatasi ilikuwa imejaa. Mama akanyamaza, nami nikafunika kalamu, lakini desturi ni desturi, nikauliza mara ya mwisho.

"Dada yangu," akasema.

Nilidhani amechanganyikiwa. "Mama, dada yako tumemzika."

"Minajua. Mi ndiye nilimuosha." Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Na siku ile, mi pia si nitakuwa nimekufa? Yeye ndiye atanipokea. Andika. Umuweke mbele ya bote."

Mbele ya wote hakukuwa na nafasi. Pale juu nilikuwepo mimi. Ningekuwa kibandani ningegusa sehemu moja tu na majina yote yangeshuka kumpisha. Mkono ulikuwa unauma mpaka kwenye kiwiko. Nikachukua karatasi nyingine, nikafunua kalamu, nikaanza upya.