Nadège na Kioo cha Kusomea Midomo

Nadège alipoteza masikio akiwa msichana wa sekondari kule Fizi-Centre. Alishikwa na homa kali, ile ya méningite inayokaza shingo, akalala hospitalini bila kujitambua. Siku alipofumbua macho, mama yake alikuwa ameinama juu yake, anafungua mdomo na kuufunga, na hakuna kitu kilichotoka. Nadège alidhani anataniwa.

Mama yake hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Walipotoka hospitalini alimkalisha jikoni, akamshika kidevu, akaanza kumtamkia neno moja moja huku akimwonyesha kitu chenyewe: majani ya sombe, chumvi, maji, moto. Kuna maneno yaliyowasumbua. Baba, mama na papa, yote matatu kwenye midomo yana sura ileile, na inabidi ukisie kwa maneno yaliyo jirani. Lakini binti alishika. Hata kusema hakuacha. Alisema kwa sauti nzito isiyojua kupanda wala kushuka, na mtu akimcheka, alilirudia lile neno kwa nguvu zaidi, akimkazia macho, mpaka kicheko kinakauka.

Sasa ni mama wa miaka arobaini na kitu. Anakaa Baraka, ana kibanda chake cha kushonea sokoni, na nusu ya sare za shule unazoziona barabarani zimepita chini ya sindano yake. Mumewe, Norbert, ananunua ndagala, yaani dagaa wa ziwani, kule Kazimia na kuja kuziuza Baraka. Binti yao Vanessa anasoma Fizi, kwa bibi yake. Ndiyo maana watu wengi wanamwita Mama Vanessa.

Kilichomfanya atake televizio ni jambo lililotokea asubuhi moja ya kiangazi. Alikuwa ameinamia mashine, anamalizia kola ya shati. Alipoinua kichwa kutafuta mkasi, soko lilikuwa tupu. Nyanya zimemwagika chini, ndoo imepinduka, kiatu kimoja cha mtoto kimebaki katikati ya njia. Risasi zilikuwa zimelia upande wa milima, na redio ilikuwa imetangaza tangu alfajiri kwamba barabara haipitiki. Kila mtu alisikia. Kila mtu alikimbia. Wote walipita mbele ya kibanda chake, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kumgusa bega.

Ile vita haikufika mjini. Jioni watu walirudi, wakaokota nyanya zao. Bamama wa soko walimwomba radhi, wakasema walichanganyikiwa. Nadège aliwasamehe, kwa maana hata yeye anajua woga ni nini. Lakini alisema wazi, wote wakiwa wanasikia: "Mi sitangojea tena muntu anigonge bega. Habari nitaziona mwenyewe."

Alishona, akaweka kando, akashona tena. Alipokuwa tayari alimwambia mumewe kwamba wataenda kununua televizio ile ya bapa. Norbert alikubali upesi mno. Wifi yake, Félicité, dada mkubwa ambaye Norbert humwita yaya, ndiye aliyecheka.

"We hausikie, Mama Vanessa. Televizio utafanya nayo nini?"

"Nitaangalia midomo ya batu ba habari."

"Midomo!"

"Njo midomo. Na yako naiona vizuri."

Siku ya kwenda dukani, Félicité alifuatana na Nadège na Norbert, amevaa kitenge kipya kana kwamba wanaenda kuposa. Duka ni la Bonaventure, kijana mwenye mwili mnene na upole mwingi, anayeuza simu, betri, pano za jua na televizio. Alikuwa ameziwasha tatu ukutani. Moja kubwa sana, karibu kama mlango uliolazwa, imebandikwa karatasi ya dhahabu: 4K. Ya pili ya wastani, na yenyewe imeandikwa 4K, lakini kwa herufi ndogo zisizojisifu. Ya tatu ndogo kuliko zote, imeandikwa Full HD. Zote zilikuwa zinaonyesha picha zilezile kutoka kwenye flashi: maua yanafunguka, samaki wa rangi, asali inatiririka.

"Ile munene," Félicité alisema palepale. "Haina mashindano."

Nadège alisogelea ukuta. Alimgeukia Bonaventure. "Hapa hakuna muntu anasema. Maua haina midomo. Niambie, hizi tatu zinaachana wapi?"

Bonaventure alijisogeza mbele yake, akafungua mdomo sawasawa, maana alikuwa mteja wake wa sare na alijua namna ya kusema naye. Alimweleza kwamba picha ya televizio ni vidoti tu, vidogo vimepangwa kwa mistari. Kioo chenye vidoti vingi kinaonyesha hata unywele. Chenye vidoti vichache kinaonyesha kichwa tu. Full HD ni vidoti 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. 4K ni 3840 kwa 2160, yaani mara nne.

"Na hii munene?"

"Imeandikwa 4K, mama."

"Imeandikwa na nani?"

Bonaventure alikuna shingo. Kisha aliigeuza boksi ya ile kubwa, akainama, akasoma maandishi madogo ya upande wa chini. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika. "Kioo chenyewe ni 1366 kwa 768. Ile 4K ya juu, walioiandika bana maana ya kwamba inapokea picha ya 4K. Inaipokea, halafu inaipunguza kwa vidoti vyake. Hata mi sikuwa nimesoma."

"Kwa hiyo iko na vidoti vichache kuliko ile mudogo."

"Vichache, na vimetawanywa kwa kioo kikubwa."

Félicité alipiga mikono. "Vidoti, vidoti! Muntu ananunua televizio ao anahesabu maharagi? Bageni bakiingia, batauliza vidoti? Bataona ukubwa!"

Nadège alimwacha amalize. Kisha akatoa simu yake, ile anayopigia video na Vanessa, akampa Bonaventure. Alimwomba amrekodi wifi yake akisema neno lolote, halafu waiweke ile video kwenye vioo vyote vitatu. "Nitasoma midomo yake. Kioo kitakachonisomesha, njo hicho."

Félicité na Norbert wakasimama pale mlangoni, kwenye mwanga. Nadège aliwapa mgongo kwa makusudi, asije akaona kabla ya wakati. Akachukua kitambaa, akawa anafuta vumbi kwenye vioo. Nyuma yake simu ilikuwa imeshaanza kurekodi, ila Félicité hakujua. Aliona Bonaventure bado anaishikashika, akadhani anaitafutia mahali.

Walipomaliza, Bonaventure alimwendea Nadège na jasho puani. "Mama, turekodi tena. Hii haikutoka muzuri."

"Sura yake inaonekana?"

"Inaonekana."

"Basi ni muzuri. Na uondoe sauti kabisa. Sitaki kusoma kwa nyuso zenu."

Bonaventure aliangalia chini, akafanya alivyoambiwa.

Walianza na ile kubwa. Félicité alitokea pale, Norbert ubavuni mwake, mpana kuliko alivyo, mikufu yake inang'aa. Lakini mdomo wake ulikuwa doa jekundu linalopanuka na kusinyaa, kingo zake zina ngazi ngazi, kama mtu anayetafuna bugali ya moto. Nadège alisogea, akarudi nyuma, akakaa kwenye kiti kwa umbali wa nyumbani kwake. Alishika neno moja tu la mwisho: kwangu. Hata hilo hakuwa na hakika nalo.

Wakahamia ile ndogo, ya Full HD. Hapo Nadège alitulia. Kila ncha ya mdomo ilionekana, meno yakigusa mdomo wa chini, ulimi ukipanda. Alitazama mpaka mwisho, akasema, "Rudisha." Akatazama tena. Uso wake haukuonyesha kitu. Félicité alikuwa ameshakaa kwenye boksi, anajipepea, anauliza Norbert watakula saa ngapi.

"Sasa ile iliyobaki," Nadège alisema.

Kwenye ile 4K ya kweli midomo ilikuwa safi vilevile, lakini haikuongeza herufi hata moja. Bonaventure alimweleza sababu: simu imerekodi kwa vidoti vya Full HD, na kioo hakiwezi kuzaa ambavyo havikuwepo. Habari za kila siku zinazoshuka kwa dishi, nazo nyingi hazifiki hata hapo. Tena hii inakula betri zaidi. Nadège aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameona Félicité akisema maneno yaleyale kwa mara ya nne.

Ndipo akageuka.

"Wifi, nikuambie ulichosema? Umesema: tuchukue ile munene, tutaiweka kwangu, kwa salon yangu. Yeye kiziwi ataona nini? Akipita atachungulia." Kisha akamwangalia mumewe. "Na we, Papa Vanessa, umejibu: nilishakubali, yaya. Sema pole pole, punguza sauti."

Wateja wawili waliokuwa wanachagua betri waliacha kuchagua. Félicité alifungua mdomo, akakumbuka kwamba mdomo wake ndio uliomsaliti, akaufunga.

"Sema pole pole!" Nadège alirudia, na ile sauti yake isiyojua kushuka ikajaa duka lote. "Mbele ya kiziwi! Ulikuwa unamwogopa nani?"

Norbert alianza kusema huku ametazama sakafu.

"Niangalie wakati unasema. Sakafu haina masikio, na mi vilevile."

Akainua uso. Alieleza kwamba sebule ya dada yake, hiyo salon, ni kubwa, kwamba ndugu wakitoka Lulimba wanafikia kule, kwamba ingekuwa televizio ya familia nzima, na kwamba alitafuta siku ya kumwambia akaikosa. Yalikuwa maelezo ya mtu anayejua amekosa. Nadège aliyasoma yote mpaka mwisho bila kuondoa macho.

"Umemaliza? Sasa nisikilize, we mwenye masikio. Mashine ya kushona ni yangu. Macho njo haya yaliyobaki. Hii televizio haitalala kwa salon ya muntu hata siku moja. Nyumbani vilevile haitaingia, maana ikiingia nyumbani, kesho nitakuta ukuta mutupu. Itakaa kwa kibanda changu, na ufunguo utakaa kwa shingo yangu."

Akamgeukia Bonaventure. "Funga ile mudogo. Na pano yake, na betri, na dishi."

Félicité alitoka bila kuaga. Norbert alitaka kubeba boksi, pengine kwa kutubu. Nadège aliitwaa mwenyewe, akaiweka kichwani, akapita nayo katikati ya Baraka mchana kweupe, shingo imenyooka. Bamama wa soko walipomwuliza amebeba nini, alijibu, "Redio yangu."

Haikuwa rahisi kama alivyofikiri. Wasomaji wa habari wa ng'ambo ya ziwa wana Kiswahili cha kwao, na midomo yao inakwenda njia ambazo mama yake hakumfundisha. Wiki za mwanzo alikuwa anashika nusu, wakati mwingine robo, anaondoka na kichwa kinauma. Mawingu yakikaa juu ya milima, picha inavunjika. Kuna bwana mmoja mwenye masharubu mazito ambaye hajamwelewa mpaka leo. Akitokea, Nadège anamtukana na kurudi kwenye mashine. Lakini kuna dada mmoja anayepaka rangi nyekundu na kutamka kila neno kana kwamba analionja, na huyo hamkosi. Kwa kinywa chake alijua habari ya daraja lililovunjwa na mvua kabla Norbert hajapakia mizigo, akamwonya asisafiri. Norbert alibisha, akaenda mpaka mtoni, akarudi usiku na matope magotini.

Alikuwa amenuna tangu siku ya duka, anakula kwa dada yake. Baada ya lile daraja alianza kula nyumbani. Hakusema samahani kwa maneno mengi. Alikuja tu jioni moja kibandani, akakaa mbele ya mke wake badala ya ubavuni, akasema, mdomo wazi na pole pole: "Nilikosa." Nadège alimwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena, na safari hii wote wawili walijua kwamba Nadège alikuwa ameelewa tangu ya kwanza.

Félicité bado hajafika kibandani. Akipita sokoni na marafiki zake, anainua ncha ya kitenge na kufunika mdomo kabla ya kusema. Si yeye peke yake. Siku hizi watu kadhaa wa Baraka wanafanya hivyo wakimwona Nadège. Yeye hana shida na hilo.

Jioni, kazi ikipungua, bamama wanaleta viti vyao mbele ya kibanda. Mgeni asiyejua desturi ya pale huanza kulalamika.

"Mama Vanessa, tia sauti basi! Hatusikie kitu!"

Nadège anaendelea kukata uzi kwa meno, macho kwenye kioo.

"Hapa kwangu inaangaliwa hivi," anasema. "Wenye masikio, mukaze macho."

Na wanakaa.